Kuku Mwekundu wa Rhode Island: Tabia Yake na Utagaji Wake



Tumeombwa kunena nanyi habari za kuku. Labda wako watakaocheka wakisema, "Karani na kalamu yake, ana nini na kuku?" Twawajibu ya kuwa karani naye hula, watoto wake hula, na mshahara wa mwezi aghalabu hufa kabla ya mwezi wenyewe kufa. Tumefuga kuku wekundu wa Rhode Island kwa miaka kadha wa kadha. Tumepata faida, na tumepata hasara, na hasara ndiyo iliyotufundisha zaidi.

Asili ya kuku huyu ni nchi ya Marekani, katika jimbo dogo la Rhode Island, upande wa Little Compton. Katikati ya karne ya 19 nahodha mmoja, jina lake William Tripp, alipata jogoo mwekundu wa Kimalaya, akamchanganya na kuku wa kwao. Jogoo wa Kimalaya ni mrefu wa miguu na shingo, na moyo wake ni wa vita; watu wa pwani wakimwona watamkumbuka kuchi wao. Wakulima wa huko hawakutafuta uzuri, walitafuta kuku wa kutaga na wa kuliwa. Mwaka 1904 kabila hili likaandikwa rasmi katika vitabu vya wafugaji wa Marekani, na mwaka 1954 jimbo la Rhode Island likamfanya kuwa ndege wake. Kijijini Adamsville pana hata jiwe la ukumbusho wake, lililosimamishwa mwaka 1925. Sisi hatujapata kusikia kuku mwingine aliyetukuzwa hivyo!

Sasa tabia yake. Koo wa kabila hili ni mtulivu kwa watu. Humfuata mwenye kumlisha, hukubali kushikwa, wala hana mbio za kuruka juu ya paa, kwa kuwa mwili wake ni mzito: koo aliyekomaa hufika kilo 3, na jogoo huikaribia 4. Hustahimili jua na mvua, tena hujua kujitafutia chakula. Walakini kwa kuku wenzake si mpole. Tuliwaona wetu wakiwafukuza tembe wadogo penye pumba hata wale wadogo wakadhoofu. Dawa yake ni kumwaga chakula mahali pawili au patatu palipo mbali mbali.

Jogoo naye ni habari nyingine. Wako walio watulivu, na wako wakali wanaomrukia mtoto kwa nyuma na kumpiga kwa kipi. Tulikuwa naye mmoja wa namna hiyo, tukamstahi kwa ajili ya rangi yake nzuri, na hilo lilikuwa kosa letu, maana ukali ni jambo la kurithiwa. Jogoo mkali achinjwe mapema, wala asipewe nafasi ya kuzaa.

Tuje kwenye mayai. Kuku wa kienyeji hutaga mayai kumi hata kumi na matano, kisha huatamia, hulea, ndipo hurudi kutaga. Kwa mwaka mzima hupata kama 40 hata 60. Huyu mwekundu akitunzwa vema hupita 200, na yai lake ni kubwa, lenye ganda la rangi ya udongo. Rangi hiyo ni ya ganda tu, haizidishi nguvu ya yai hata kidogo. Tena yai moja huchukua kama saa 25 kufanyika tumboni, ndiyo sababu koo hutaga akichelewa kidogo kila siku, kisha hupumzika siku moja. Asilaumiwe.

Huko kwao, siku za baridi mchana huwa mfupi sana, naye hupunguza kutaga. Kwetu mchana karibu haubadiliki, na hiyo ni neema. Lakini neema hiyo hupotea kwa kitu kidogo: maji. Koo akikosa maji siku moja ya jua kali, mayai hupungua. Na asipopata chokaa, kama vile maganda yaliyosagwa, hutaga mayai yenye ganda laini.

Basi tulipoona hesabu hii, tuliwauza kuku wetu wote wa kienyeji kwa jirani yetu, tukanunua wekundu watupu. Miezi mingi tulikula mayai na kuuza, tukajiona wenye akili. Tulipotaka vifaranga, hapana koo aliyeatamia! Maana kabila hili limechaguliwa kwa kutaga, na hamu ya kuatamia imepungua sana ndani yake. Mmoja alikaa siku tisa, akaondoka, mayai yote yakawa viza. Na kifaranga hutaka siku 21. Ikatulazimu kwenda kwa jirani yule yule, kuazima koo tuliyemwuzia wenyewe. Akatupa, kwa sharti la kupata nusu ya vifaranga. Mama watoto hajaacha kutukumbusha.

Tangu hapo twaweka koo wa kienyeji wawili kwa kazi ya kuatamia mayai ya wekundu. Asiye na fedha nyingi atwae jogoo mwekundu mmoja tu aliye mtulivu, amweke kati ya kuku wa kwao. Vifaranga watakuwa wakubwa zaidi, na wengine wao bado watajua kulea.

Neno moja limebaki, nalo lawahusu hasa wazee. Ugonjwa wa mdondo hauchagui kabila la kuku. Sisi uliingia bandani mwetu, na katika juma moja tukazika karibu wote. Iko chanjo ya kutonesha tone moja jichoni, nayo hurudiwa kila miezi mitatu au minne. Chupa moja hutosha kuku wengi kupita wa nyumba moja, na ikifunguliwa haikai. Kwa hiyo mtu peke yake huona ni ghali. Kijiji kizima kikichanga, kila mmoja hutoa kidogo. Wazee wakiweka siku, kuku wafungiwe ndani tangu usiku wake, maana kuku aliyekwisha kutoka asubuhi hakamatiki.