Mto tunao, kibali hatuna



Ruvuma inapita mlangoni kwetu, lakini wengi tunalima mpunga mara moja kwa mwaka, tukingoja mvua. Uvivu? Hapana!

Mimi nimelima bondeni. Kabla hujakopa hela ya pampu unajiuliza: haya maji ni ya nani? Sheria ya Usimamizi wa Rasilimali za Maji ya 2009 inasema ni ya umma. Rais ni mdhamini tu kwa niaba yetu. Ya kunywa nyumbani unachota bila kibali. Ya kumwagilia lazima kibali. Huna? Mwenye nacho akivuta maji juu yako, utasemea wapi? Ndiyo maana mtu halimi kiangazi. Na wa huku chini karibu na bahari, mto ukipungua, bamvua linawaletea chumvi shambani.

Sasa tufanyeje? Sheria hiyohiyo inaruhusu chama cha watumia maji kumiliki kibali. Jiungeni, muombe kwa pamoja Bodi ya Maji Bonde la Ruvuma na Pwani ya Kusini. Na anayekuja kuomba kura, muulizeni: mfereji uko wapi?