Sanduku la Babu Lisiuzwe kwa Kilo



Mtu akitaka kuisoma historia ya nchi hii huenda Upanga, Dar es Salaam, kwenye Idara ya Kumbukumbu na Nyaraka za Taifa. Huko atakuta majalada ya utawala wa Wajerumani, ambayo mwaka 1997 UNESCO iliyaingiza katika orodha yake ya kumbukumbu za dunia. Atakuta pia vitabu vya wilaya, ambamo maofisa wa Kiingereza waliandika habari za maeneo waliyoyatawala: machifu, kodi, njaa na mashauri.

Hazina hiyo ni kubwa, wala siibezi. Lakini tujiulize, yaliandikwa na nani na kwa ajili ya nani? Bwana DC aliandika yale aliyohitaji kuyajua ili atawale. Aliandika idadi ya walipa kodi, hakuandika jinsi baba mwenye nyumba alivyohangaika kuipata shilingi ya kodi. Hayo waliandika watu wetu wenyewe, kwa penseli, katika madaftari ya shule. Mengine yamo majumbani mwetu hadi leo: barua za mtoto aliyekwenda manamba, daftari la chama cha kuzikana, risiti za pamba na kahawa, kadi za chama, picha za harusi. Yamo ndani ya sanduku la bati, chini ya kitanda cha babu.

Zipo karatasi za nyumbani zilizoponea chupuchupu, na leo hatuwezi kuandika historia bila kuzitaja. Kleist Sykes alizaliwa Pangani mwaka 1894, na mwaka 1929 alikuwa miongoni mwa waanzilishi wa African Association mjini Dar es Salaam, akawa katibu wake. Kabla ya kufariki mwaka 1949 aliandika habari za maisha yake. Mjukuu wake, Daisy, aliyatumia maandishi hayo kuandika juu ya babu yake, na kazi hiyo ikatoka mwaka 1973 katika kitabu cha Modern Tanzanians kilichohaririwa na John Iliffe. Mwaka 1998 Mohamed Said naye akatoa kitabu juu ya Abdulwahid, mtoto wa Kleist, akitumia pia karatasi za ukoo huo. Wako wanaokubaliana na kitabu hicho na wako wanaokipinga. Ni haki yao. Lakini hata mabishano yanataka karatasi. Lau ukoo ule ungalizichoma, leo tungalikuwa tunabishana kwa kukisia.

Twende Ukerewe. Mzee Aniceti Kitereza alimaliza mwaka 1945 kuandika kwa Kikerewe hadithi ndefu ya Bwana Myombekere na Bibi Bugonoka. Ndani yake mna kilimo, ndoa, uganga, uvuvi na adabu za Wakerewe wa zamani. Kwa miaka 35 kazi hiyo ilikuwa ni mswada tu. Mwenyewe akaitafsiri kwa Kiswahili, ikachapwa mwaka 1980, naye akafariki mwaka 1981. Fikirini, ndugu zangu: kwa miaka yote hiyo, mchwa wa msimu mmoja wangetosha kutunyima habari za kisiwa kizima.

Sasa tuangalie tunavyofanya. Miaka kadhaa iliyopita nilinunua karanga kando ya barabara. Nilipozimaliza nikakunjua ile karatasi. Ilikuwa ukurasa wa daftari la chama cha kuzikana: majina, michango ya shilingi mbili mbili, na mstari mmoja ukisema kwamba mwanachama fulani asamehewe mchango wa mwezi ule kwa kuwa nyumba yake imeungua. Nikamwuliza muuzaji karatasi zile amezitoa wapi. Akasema amenunua kwa kilo. Sikumlaumu, alikuwa akitafuta riziki yake. Lakini ukurasa uliofuata, ambao labda ungetueleza yule mwenye nyumba alisaidiwaje, ulikwisha kwenda na mteja mwingine.

Mara nyingi mambo huharibika baada ya matanga. Wanandugu hukaa wakagawana shamba, nyumba, baiskeli na vyombo. Hati ya nyumba hutafutwa hata uvunguni. Karatasi nyingine hazihesabiwi katika mirathi. Anayepewa chumba cha marehemu hufagia, huwasha moto uani, na mchana mmoja unatosha kumaliza maandishi ya miaka 60.

Wako wanaoficha karatasi zao kwa hofu, na hofu yao ina msingi. Katika sanduku lile mna kesi za mashamba na siri za ukoo. Tena wako watafiti walioazima barua na picha wakiahidi kurudisha, na hadi leo hawajaonekana. Jibu si kuchoma. Jibu ni kuandikiana. Anayekabidhi nyaraka zake apewe hati inayotaja kila alichokitoa, nani aruhusiwe kusoma, na baada ya muda gani. Ikiwa majalada ya Serikali yenyewe hukaa miaka 30 kabla ya kufunguliwa kwa wasomaji, kwa nini ukoo nao usiweke masharti yake?

Aidha, si lazima karatasi zenyewe ziondoke. Kule Lamu, miswada ya Msikiti wa Riyadha ilipigwa picha kwa msaada wa British Library ya London, na miswada yenyewe ikabaki Lamu. Huo ni mfano mzuri. Lakini tukumbuke pia kwamba mwezi wa Oktoba 2023 wahalifu waliivamia mitambo ya kompyuta ya maktaba hiyo hiyo, na huduma zake nyingi za mtandao zikasimama kwa miezi. Basi nakala moja haitoshi, hata ikiwa Ulaya. Na picha iliyomo kwenye simu ya mjukuu, simu inayoweza kuibwa kwenye daladala, haijawa hifadhi.

Kwa upande wa Serikali, tunayo Sheria ya Kuwaenzi Waasisi wa Taifa ya mwaka 2004, inayolinda kumbukumbu za Mwalimu Nyerere na Mzee Karume. Ni jambo la heshima. Lakini yule mweka hazina wa chama cha kuzikana, aliyeandika michango ya shilingi mbili mbili, atatunzwa na nani? Mimi naomba jambo dogo: chumba kimoja na makabati katika maktaba ya kila mkoa, na mtumishi aliyefundishwa kazi hiyo, ili mtu wa Bukoba au Songea asilazimike kubeba karatasi za babu yake hadi Dar es Salaam.

Wakati tukisubiri, yako ya kufanya nyumbani. Ondoeni pini na vibanio vyenye kutu. Msizibe palipochanika kwa selotepu, kwani gundi yake huila karatasi, wala msizifunike kwa plastiki ya moto. Sanduku lisikae sakafuni wala lisigusane na ukuta wenye unyevu. Nyuma ya kila picha andikeni polepole, kwa penseli laini, majina ya waliomo, mahali na mwaka.

Na juu ya yote, mkaeni na wazee wangali hai. Barua iliyosainiwa "mimi ndugu yako" huenda ni mzee mmoja tu anayejua ndugu huyo alikuwa nani. Akiondoka mzee, karatasi itabaki lakini haitakuwa na wa kuisemea. Basi Jumapili hii, mkishakula, mwombeni babu au bibi alifungue sanduku, nanyi shikeni penseli.