Waliomwona Kuku: Isotype, Marie Neurath na Ukalimani wa Picha



Nilipopewa heshima ya kutoa mhadhara huu nilikusudia kuzungumza juu ya masanduku ya karatasi yanayotunzwa katika Chuo Kikuu cha Reading, magharibi mwa London. Nitayafikia. Lakini miezi michache iliyopita nilihudhuria warsha ya mawasiliano ya afya, na pale mtaalamu mmoja ninayemheshimu sana akasimulia hadithi ya kuku. Ukumbi mzima ukacheka. Mimi sikuweza kucheka, na tangu siku ile jambo hilo limenikaa kooni kama mwiba wa samaki. Kwa hiyo naomba ruhusa yenu nianze na kuku.

Hadithi na mkia wake

Hadithi yenyewe ilienezwa na msomi wa Kanada, Marshall McLuhan, katika kitabu chake cha mwaka 1962, The Gutenberg Galaxy. Aliitoa katika maelezo ya John Wilson wa Chuo Kikuu cha London. Afisa afya mmoja alitengeneza filamu ya mwendo wa polepole kuonyesha jinsi kaya ya kijijini Afrika inavyoweza kuondoa maji yaliyotuama: madimbwi yanakaushwa, makopo matupu yanaokotwa na kuwekwa kando. Watu thelathini na kitu wakaonyeshwa filamu hiyo, kisha wakaulizwa wameona nini. Wakajibu kwamba wameona kuku. Wenye filamu wakashangaa, maana hawakujua kama mle ndani kuna kuku. Wakaipitia picha moja moja, na kweli, kuku alikuwa amekatiza kwenye pembe ya chini kwa muda wa sekunde moja hivi.

Mtaalamu wetu akahitimisha kwamba mwanakijiji hajui kusoma picha, na kwamba fedha za mabango ni fedha zilizotupwa mtoni mpaka kwanza afundishwe kutazama. Vichwa vikatikisika kukubali. Nimesikia hitimisho hilo kwa miaka thelathini, kwenye ofisi za miradi, kwenye ripoti, hata kwenye tasnifu za wanafunzi wangu. Leo nataka tulizike.

Kwanza, kuku alikuwepo. Walioulizwa wameona nini walitaja kitu kilichokuwa kwenye kitambaa mbele yao. Ambao hawakumwona ni waliopiga filamu, na wao ndio waliokuwa na kila nafasi ya kumwona. Ikiwa tunatafuta mtu asiyejua kutazama, basi tumtafute upande ule wa kamera.

Pili, wasimuliaji huikata hadithi hii mkia. Katika maelezo ya Wilson mwenyewe, watu wale walipoulizwa zaidi walisema kwamba mtu pia walimwona. Walichokosa ni kuunganisha vipande vile kuwa kisa kimoja, tena filamu waliitazama kwa makini, wakikagua kitu kimoja kimoja. Mtu anayekagua kitu kimoja kimoja huwezi kumwita kipofu wa picha.

Tatu, na hapa nawaomba wale mliokulia kijijini mnisaidie. Kuku akipita uani, swali la kwanza ni lipi? Kuku wa nani. Kuku ni kitoweo cha mgeni, ni ada, ni akiba ya siku ya shida. Kuku anayekurupuka hovyo ana maana: kuna mwewe, kuna mgomvi, au kuna mtu asiyejulikana hapo nyumbani. Sasa chukua kopo tupu. Kwa mwenye filamu kopo lilikuwa takataka na maskani ya viluwiluwi wa mbu. Lakini nyumbani kwetu kopo halikuwa takataka hata siku moja. Lilikuwa kipimo cha unga na cha maharage. Likitobolewa na kutiwa utambi likawa koroboi, na kwa mwanga wa koroboi hiyo mimi nilijifunza kusoma. Mtu ukimwonyesha kopo linaokotwa na kuwekwa vizuri, atakuelewa sawasawa: mwenye nyumba anatunza kopo lake.

Nne, na hili ndilo linaloniuma kuliko yote, hadithi inaishia pale pale kwenye jibu. Wanaoisimulia hawaendelei kusema kwamba mwenye filamu alirudi kazini akaipiga upya. Kosa likabebeshwa macho ya watazamaji, na sisi tumelipokezana kwa zaidi ya miaka sitini.

Kuna kosa jingine, pacha wa hilo, nalo huvaa nguo nzuri zaidi. Linasema picha ni lugha ya dunia nzima, kwamba ukichora mtu, kila mtu ataona mtu, na mambo yamekwisha. La kwanza linadharau jicho la mwanakijiji, la pili linalisifu jicho la binadamu, lakini yote mawili yanaamini kwamba picha husomwa na jicho peke yake. Kilichonitoa katika imani hiyo ni masanduku ya Reading.

Masanduku ya Reading

Wanafunzi wa usanifu wanaijua historia hii, hivyo nitaipita haraka. Otto Neurath alifungua Makumbusho ya Jamii na Uchumi mjini Vienna mwaka 1925. Humo alianzisha njia ya kuonyesha takwimu kwa alama zilizochorwa, na mchoraji mkuu wa alama hizo alikuwa Gerd Arntz. Siasa za mabavu ziliwahamisha hadi The Hague mwaka 1934, na mwaka 1935 njia yao ikapewa jina la Isotype, jina alilolibuni mwenzake wa kazi, Marie Reidemeister. Mei 1940, Wajerumani walipoivamia Uholanzi, Otto na Marie walivuka bahari kwa mashua hadi Uingereza. Walizuiliwa huko kama raia wa nchi adui, wakaachiwa na kuoana mwaka 1941, na mwaka uliofuata wakaanzisha Taasisi ya Isotype mjini Oxford. Otto alifariki Desemba 1945. Marie akaendelea na kazi kwa zaidi ya miaka ishirini, na mwaka 1971 akaukabidhi urithi wote kwa Chuo Kikuu cha Reading.

Kanuni moja ya Isotype yatosha kuonyesha akili iliyokuwa nyuma yake. Tuseme wanafunzi wameongezeka maradufu. Mchoraji wa kawaida atachora mwanafunzi mmoja mfupi na mwingine mrefu mara mbili. Lakini ukimrefusha mara mbili, umempanua pia mara mbili, na eneo lake kwenye karatasi limekuwa mara nne. Jicho limedanganywa. Isotype haimkuzi mwanafunzi: inachora wanafunzi wawili wanaolingana, bega kwa bega, na hesabu inabaki hesabu.

Lakini hazina niliyoifuata mimi haikuwa chati zilizokamilika. Hizo zimechapwa katika vitabu vingi na kila mtu anazisifu kwa rangi zake tulivu na mistari yake safi. Mimi nilifuata rasimu. Katika timu ya Neurath kulikuwa na kazi isiyokuwepo kwingineko: mtu wa kukaa kati ya wataalamu wenye takwimu na wachoraji wenye kalamu. Huyo ndiye aliyeamua lipi lionyeshwe na lipi liachwe, nini kiwe juu na nini kiwe chini, na msomaji aone nini kwa mtazamo wa kwanza, nini kwa wa pili, nini kwa wa tatu. Jambo linalohitaji mtazamo wa nne lilihesabiwa kuwa limezidi. Tangu Vienna mwenye kazi hiyo alikuwa Marie. Kwa Kiingereza cheo chake kimepewa jina linalofanana na la mtambo wa umeme. Kwa Kiswahili sisi tuna neno bora zaidi, lenye umri wa karne nyingi za biashara ya pwani: mkalimani.

Katika masanduku hayo kuna kundi la kazi lililonishika hata nikasahau chakula cha mchana. Kati ya mwaka 1952 na 1958 Marie alifanya kazi zilizohusu Gold Coast, Sierra Leone na, zaidi ya kote, Jimbo la Magharibi la Nigeria, lililoongozwa na Obafemi Awolowo. Jimbo hilo lilikuwa likijiandaa kutoa elimu ya msingi bila ada, mpango ulioanza Januari 1955. Elimu hiyo ilihitaji kodi, na kodi ilihitaji kueleweka. Halikuwa jambo dogo: mwaka 1954 chama kilichotawala jimbo kilizidiwa nyumbani kwake katika uchaguzi wa shirikisho. Vikatolewa vijitabu juu ya elimu kwa wote, afya, kilimo bora, na kimoja kilichoeleza waziwazi kwamba maendeleo hulipiwa.

Marie alikwenda mwenyewe Ibadan. Alama zilizozoeleka Ulaya kwa robo karne hazikutosha. Mwanamume, mwanamke, nyumba, ng'ombe, vitu ambavyo mtu angeapa kwamba havihitaji maelezo popote duniani, vyote vilibidi kuchorwa upya, watu wakavikwa mavazi ya pale na nyumba zikapewa umbo la pale. Hata rangi ziliamuliwa upya. Mama huyu alikuwa na umri wa zaidi ya miaka hamsini, mshirika wa karibu wa mtu aliyeihubiri picha kama lugha ya kimataifa, na alipokutana na msomaji mpya hakusema msomaji hajui kutazama. Alichukua penseli akaanza tena. Ndiyo maana rasimu zina thamani kuliko chapa: ndani yake unaona mtu akisahihishwa na wasomaji wake.

Jembe na nyumba

Mizani lazima isimame sawa. Vijitabu vile vilikuwa sauti ya serikali, tena katika nchi iliyokuwa bado koloni, na mchanganuzi mkali atauliza raia alipewa ukurasa gani wa kujibu. Swali hilo ni la haki na sina la kulipinga. Vilevile Otto Neurath tusimsingizie: hakudai kwamba picha zitayafuta maneno, na chati zake zina vichwa na maelezo. Wala sikatai kwamba kusoma picha hufundishwa, maana kila usomaji hufundishwa. Nayakubali yote hayo. Hata hivyo nabaki pale pale nilipokuwa: picha haijisemi yenyewe. Husemewa, na anayeisemea ndiye wa kuangaliwa.

Nilijifunza haya kabla sijalisikia jina la Vienna. Katika uchaguzi wa wabunge wa Tanzania wa mwaka 1975, kama ilivyokuwa tangu 1965, wagombea wawili wa kila jimbo walipewa alama mbili, jembe na nyumba, ili asiyejua kusoma naye apige kura. Nilikuwa na miaka kumi. Bibi yangu, aliyekuwa hajui herufi hata moja, alikuwa akipepeta mchele uani. Akaniuliza, "Mjukuu wangu, jembe hujenga nyumba, au nyumba hujenga jembe?" Nikasema jembe ndilo hujenga. "Basi," akasema, akaendelea kupepeta. Jirani yake aliyeketi kwenye mkeka akamjibu, "Na mwenye jembe asiye na nyumba, bibi, analala wapi?" Wakabishana mpaka adhuhuri.

Alama zile zilichaguliwa ili zisimpendelee mtu. Wazee wale wawili wakazitia maana, kila mmoja ya kwake, na maana hizo hazikuwamo katika wino. Zilitoka kwenye mazungumzo. Mwanamke wa Kiswahili analijua jambo hili kila anapoingia dukani: kanga ina pindo, ina mji, na ina jina. Anaweza kuipenda rangi na ua lake, lakini hafungui mkoba kabla hajasoma jina. Wabunifu wa kanga hawakungoja profesa awaambie kwamba picha na neno ni ndugu.

Ombi langu

Ndugu zangu, Ulaya imehifadhi hata rasimu za Marie Neurath, na ndiyo maana leo naweza kusimama hapa na kuibomoa hadithi ya kuku kwa ushahidi. Sisi tumehifadhi nini? Mwaka 1973 kampeni ya Mtu ni Afya iliwakusanya takriban watu milioni 2 katika vikundi vya redio na vitabu, na watu wakachimba vyoo. Nani alichora michoro ya vitabu vile? Nani alikuwa mkalimani kati ya daktari na mchoraji? Rasimu zake ziko wapi? Miaka ya nyuma niliambiwa kwamba ofisi moja ya umma ina makabati ya mabango na michoro ya zamani. Nilipanga safari, nikachelewa siku moja. Nilikuta majivu nyuma ya jengo, bado ya moto, na karatasi moja iliyoungua nusu: mkono wa mama umeshika kijiko. Ninayo hadi leo.

Kwa hiyo natamka msimamo wangu mbele yenu. Kila bango litakalotoka katika idara yetu litabeba jina la mchoraji na jina la mkalimani wake, na rasimu zake zitawekwa maktabani pamoja na majibu ya watu walioonyeshwa kwanza. Likionyeshwa kijijini watu wakasema wameona kuku, tutaandika kuku, tutawashukuru, na tutachora upya.

Na kwenu mliostaafu kutoka viwanda vya uchapaji, wizara, shule na miradi: yale mabango yaliyoviringishwa juu ya kabati, yale makaratasi ya michoro ambayo watoto wenu wanasema yanajaza chumba, msiyachome. Yaleteni maktaba ya chuo hiki, hata kama yameliwa na mchwa. Tutayapokea.