UTAWALA WA MUNGU NA FURAHA YA ZABURI
Hotuba kwa wakristu wote, siku ya pili ya Jubilei ya parokia



Halmashauri ya parokia imenipa kazi ya kusema leo juu ya sifa na furaha. Kazi hiyo yapatana vema na sikukuu yetu, kwani jina lenyewe la Jubilei latoka katika lugha ya Waebrania: ni pembe ya kondoo dume iliyopigwa kutangaza mwaka wa hamsini, ili watumwa warudi kwao na mashamba yarudi kwa wenyewe. Mnaona mara moja kwamba furaha ya Jubilei, tangu asili yake, ilikuwa na neno la mashamba ndani yake. Nitalirudia.

Lakini kabla ya kuimba kuna swali. Tulipokuwa tukitengeneza sikukuu, wamama katika mashirika mbalimbali waliuliza, wala hawakuuliza kwa utani: «Kwaya inataka tuimbe kwamba Mungu ni mfalme, na tupige makofi. Mabwana wetu wamekufa, watoto wetu hatujui waliko, na mashamba yetu twayatazama kwa mbali tu. Mfalme huyo anatawala wapi?» Mmoja wao alisema atakuja misani, ila wakati wa kucheza yeye atabaki akikaa. Mimi naona swali hilo ni la kikristu kabisa, wala si haki kulijibu kwa kusema: «Mama, amini tu.» Tufungue basi kitabu cha Zaburi.

Zaburi ni 150, nazo zimegawanyika katika vitabu vitano, kwa mfano wa vitabu vitano vya Musa. Kitabu cha kwanza chaishia kwa Zaburi ya 41, cha pili kwa ya 72, cha tatu kwa ya 89, cha nne kwa ya 106, na cha tano kwa ya 150. (Nahesabu kwa hesabu ya Waebrania. Vitabu vya zamani vya sala, vilivyofuata Kilatini, vyapunguza moja kwa zaburi nyingi. Ndiyo sababu wazee wetu waita Miserere ya 50 na vijana waiita ya 51, nao wabishana bure.)

Zaburi zinazotangaza utawala wa Mungu kwa mbiu ni chache: ya 47, ya 93, kisha za 96 mpaka 99. Sasa tazameni mahali zilipowekwa. Isipokuwa ya 47, zote ni za kitabu cha nne. Na kitabu cha tatu, kilicho mbele yake, chaishia namna gani? Kwa Zaburi mbili nzito mno. Ya 88 ni kilio cha mtu aliyeachwa na rafiki zake wote. Zaburi nyingine za kilio, nazo ni nyingi sana katika kitabu hiki, kwa kawaida hugeuka mwishoni zikawa shukrani, hiyo haigeuki. Inaishia gizani, nalo Kanisa halikuifuta. Ya 89 yaanza kwa kulisifu agano la Mungu na Daudi, halafu yaeleza kwamba taji iko mavumbini, kuta zimebomoka, kiti cha mfalme kimepinduliwa. Na mwimbaji amwuliza Mungu rehema zake za zamani ziko wapi.

Msomaji wa Biblia atatambua habari hiyo. Mnamo mwaka 587 mbele ya Kristu Wababeli waliuteketeza Yerusalemu. Wana wa mfalme Sedekia waliuawa mbele yake, kisha yeye mwenyewe akatobolewa macho, akapelekwa katika minyororo. Huo ulikuwa mwisho wa ufalme wa Daudi duniani. Na mara baada ya kilio hicho kitabu cha nne chafunguliwa kwa sala ya Musa, na mbele kidogo watu waanza kuimba kwamba Mungu ndiye anayetawala. Huenda nyimbo zenyewe zilikuwako tangu zamani zaidi. Lakini mahali pake zilipopangwa ni hapo, kwa taifa lisilo na mfalme, lisilo na jeshi, ambalo hekalu lake limekwisha kuwa majivu.

Basi, mama yule aliyeuliza Mungu anatawala wapi hakusimama nje ya Zaburi. Yeye amesimama katika Zaburi ya 89. Sisi wengine tumerukia ya 96 bila kupita kwake, ndiyo maana wimbo wetu wamchoma masikio.

Tena tuseme wazi juu ya neno lenyewe, mfalme. Hapa Kivu tukisikia neno hilo twafikiri mwami, nao wazee wa Bushi wafikiri mara moja kalinzi, ng'ombe anayetolewa ili mtu apate mahali pa kulima. Baba zao wa nchi nzima walimjua mfalme mwingine, Leopold wa pili, aliyeitawala Kongo kama mali yake tangu 1885 mpaka 1908 bila kukanyaga udongo wake hata siku moja. Na waliokuwa vijana katika miaka ya 1970 na ya 1980 wakumbuka jambo jingine tena: wanafunzi na watu wa kazi walikusanywa kuimba na kucheza sifa za kiongozi mmoja, na asiyecheza alitazamwa. Mwaka 1972 majina ya kikristu yalikatazwa, na Kardinali Malula, aliyethubutu kusema, alitolewa katika nyumba yake akakaa Roma miezi kadhaa. Kwa hiyo sifa ya kushurutishwa twaijua ladha yake. Mwili wacheza, moyo umekaa.

Zaburi nazo zalijua jambo hilo. Ya 146 yatukataza kuwategemea wakubwa, kwani siku wanapozikwa mipango yao huzikwa pamoja nao. Kisha yahesabu kazi za Mfalme wa kweli: kuwapa haki walioonewa, kuwalisha wenye njaa, kuwafungua wafungwa, kuwalinda mgeni, yatima na mjane. Kazi za mfalme zimekwisha kutajwa. Ajipimaye kwa kipimo hicho na ajipime.

Na hapa ndipo nilipotaka kufika. Zaburi ya 96 na ya 98 zaitia furaha nchi yote: bahari, mito, milima, miti ya msituni. Tumeimba hayo mara nyingi mno hata hatuulizi sababu. Sababu imeandikwa mwishoni mwa kila moja: kwa kuwa Mungu anakuja kuhukumu. Kuhukumu! Kwetu mtu akiitwa barazani moyo wake washtuka. Ahesabu mbuzi: nitauza wangapi? Maana ajua kwamba shamba litakwenda kwa mwenye franga nyingi, na karatasi itaandikwa usiku. Lakini Zaburi zatangaza hakimu, na mashamba yenyewe yafurahi, kwani huyu hanunuliwi. Ya 97 yasema kiti chake chasimama juu ya haki. Ya 99 yasema mfalme huyu aipenda haki. Furaha ya Zaburi ni furaha ya mtu aliyeonewa anaposikia kwamba kesi yake haikufungwa.

Kwa hiyo wimbo huo una hatari. Mkristu aliyehamisha usiku mpaka wa shamba la mjane, akaja Jumapili kuimba Zaburi ya 98 kwa sauti kubwa, anamwita hakimu wake mwenyewe. Jubilei ya Waisraeli ilirudisha mashamba. Tunajua sote, bila kutaja majina, kwamba katika parokia hii kuna mashamba yaliyochukuliwa wakati wenyewe walipokimbia vita. Kamati ya haki na amani ya parokia imekaa hapa wiki yote. Mlango wake ungali wazi hata leo.

Wakristu wenzetu wa Kinshasa waliifahamu hatari hiyo. Tarehe 16 Februari 1992 walitoka makanisani baada ya misa, rozari mkononi, wakiimba, ili kudai kwamba mkutano mkuu wa taifa ufunguliwe tena. Walipigwa risasi, na wengi wakafa. Hawakuwa na silaha nyingine zaidi ya nyimbo. Nao waliotuma askari waliona kwamba nyimbo hizo si mchezo.

Lakini Mfalme huyu ameonekana wapi? Liturjia yetu yajibu kwa njia ya kushangaza. Katika misa tatu za Noeli Kanisa laimba zaburi za utawala, moja kwa kila misa: ya 96 usiku, ya 97 alfajiri, ya 98 mchana. Bahari na milima zaalikwa kushangilia, nasi twatazama mtoto mchanga aliyelazwa penye chakula cha mifugo, ambaye baadaye wazazi wake watakimbia naye Misri kwa sababu ya mfalme mwenye wivu. Mkimbizi ndiye Mfalme. Na mwisho wa maisha yake, ubao wamtaja mfalme juu ya kichwa chake, nao umepigiliwa msalabani. Hapo Yezu alisali Zaburi ya 22, inayoanza kwa kilio cha aliyeachwa na Mungu. Someni zaburi hiyo mpaka mwisho: inafika mahali inapoungama kwamba ufalme ni wa Mungu, na mataifa yote yatamrudia. Yezu alipita njia nzima, tangu kilio hata utawala, wala hakuruka kipande.

Mtakatifu Augustino, Mwafrika na askofu wa Hippo, alieleza Zaburi zote 150 kwa waamini wake. Katika mwaka 430 mji wake ulizungukwa na Wavandali, naye mgonjwa kitandani. Aliomba zaburi za toba ziandikwe na kubandikwa ukutani mbele ya macho yake. Alizisoma akilia, akafa tarehe 28 Agosti, na adui wangali nje ya kuta. Hakuona wokovu wa mji. Watu wa Bukavu na Goma hawahitaji kuelezwa zaidi.

Juu ya ngoma nitasema kifupi, kwani jambo hilo limekwisha kuamuliwa. Zamani katika misioni nyingi ngoma zetu zilikatazwa kanisani, ingawa Zaburi ya 150 yataja tarumbeta, zeze, matari, matoazi na mchezo wa miguu. Kule Kamina, mwaka 1958, watu walisikia Misa ikiimbwa kwa sauti na ngoma za kwao. Na tarehe 30 Aprili 1988 Roma ilikubali rasmi Misale ya majimbo yetu, nasi twacheza Utukufu kuzunguka altare kwa haki yetu. Lulanga na ziingie, kayamba na ziingie. Naziomba kwaya jambo moja tu: zaburi ya kuitikia, baada ya somo la kwanza, isiachwe na kuwekwa wimbo mwingine kwa sababu ya mdundo wake mzuri. Zaburi hiyo ni Neno la Mungu kama somo lenyewe.

Sasa mpango wa siku hizi mbili. Kesho jioni, katika kesha la kuwakumbuka marehemu, hakutakuwa ngoma. Zaburi ya 88 itasomwa polepole na mama mmoja kutoka kila shirika, kipande kwa kipande, kisha ya 89. Halafu majina ya marehemu wetu tangu mwanzo wa parokia yatasomwa, waliokufa kwa ugonjwa pamoja na waliouawa, na tutakaa kimya. Jumapili asubuhi, kwenye misa ya Baba Askofu, pembe itapigwa na tutaimba ya 96. Atakayebaki akikaa wakati huo abaki, wala asivutwe mkono na mtu, wasimamizi wameambiwa.

Wenye majina ya marehemu ambayo hayajaandikwa wayalete kwa wakatekista kesho kabla ya saa kumi.