Ukishapata kiti, utakaa na nani?

(Mada niliyoitoa kwenye semina ya vijana wa kata yetu, Septemba 2024. Waliokosa kuja waliomba niiweke hapa. Nimepunguza utani kidogo, mengine ni yaleyale niliyosema.)



Nimepewa dakika ishirini nizungumzie namna ya kumpima mgombea. Katibu aliponipigia alisema, "Njoo na vifungu, wewe si ndiyo wakili wetu?" Jamani, bado sijawa wakili. Niko mwaka wa tatu, na ada ya muhula huu bado nadaiwa. Vifungu nitagusa kimoja tu. Nitaanza nyumbani kwetu.

Mwaka 2015 nilikuwa na miaka kumi na tatu. Mama aliamka saa tisa usiku kwenda kupanga foleni ampigie kura diwani wetu wa upinzani. Akashinda, mtaa mzima tukaimba. Haikupita miaka mitatu, yule diwani akapanda jukwaa la upande wa pili, akasema anaunga mkono juhudi. Kiti kikawa wazi, ukaitishwa uchaguzi mdogo, akarudi kuomba kura zilezile akiwa na jezi nyingine.

Mimi nililia. Mama hakulia. Nikamuuliza, "Mama, ulimchagua kwa sababu gani?" Akanijibu, "Alikuja kwenye msiba wa bibi yako, akakaa mpaka arobaini. Basi." Nikauliza, "Hukumuuliza akipata atasimama na nani?" Akaniangalia kama nimemtukana. "Mwanangu, nani anauliza hayo?"

Hilo swali la Mama ndilo nimekuja nalo leo.

Sasa twende mbali kidogo, Marekani, jimbo la New York. Jimbo la kule msilichanganye na jimbo la uchaguzi la hapa. Lile ni kama nchi ndani ya nchi. Lina gavana, lina sheria zake, na bunge lake lina vyumba viwili. Kimoja kinaitwa Seneti, kina maseneta 63, na kila seneta anachaguliwa kwa miaka miwili. Huko ndiko zinakotungwa sheria za kodi za nyumba, za shule na za uchaguzi wenyewe. Yaani mambo ya mwananchi kila siku.

Mwaka 2011, maseneta wanne wa chama cha Democratic wakajitenga na wenzao wakaunda kundi lao. Kiongozi wao aliitwa Jeff Klein, seneta wa sehemu za Bronx na Westchester. Hawakuhama chama. Kadi zao zilibaki za Democratic, na kwenye karatasi ya kura waliandikwa Democratic. Ila ndani ya ukumbi walishirikiana na Republican. Novemba 2012 chama chao kilipata viti vingi, lakini kundi la Klein likaungana na Republican kuiendesha Seneti. Baadaye kundi likakua mpaka watu wanane.

Hebu fikirini. Umepanga foleni, umepigia chama chako, kimeshinda kwa hesabu, halafu ukumbini funguo wanashika wengine. Tena mwaka baada ya mwaka, na wapigakura wengi hata hawakujua. Jina lilikuwa lilelile na chama kilekile, wangejuaje?

Nitende haki, maana shuleni tunafundishwa kusikiliza pande zote. Klein alikuwa na hoja. Alisema kukaa karibu na wenye nguvu ndiko kunakoleta matokeo. Kundi lake lilijisifu kwamba lilichangia kupatikana kwa sheria ya mwaka 2016 ya kupandisha kima cha chini cha mshahara, na likizo yenye malipo kwa anayeuguza mtu wa familia. Na kule kwake alijulikana, alikuwa seneta tangu 2005. Hizo si hoja za kipuuzi. Ni zilezile tunazosikia hapa: "mpeni mtu mwenye connection, alete maji."

Mwaka 2018 akajitokeza Alessandra Biaggi kumpinga kwenye kura za maoni za chama. Miaka 32, mwanasheria, hajawahi kugombea kitu. Nisimpambe sana, hakuwa mtoto wa mkulima. Babu yake alikuwa mbunge wa Bronx kwenye Bunge la Marekani, na yeye mwenyewe alishafanya kazi ofisi ya gavana. Lakini mfuko wake ulikuwa mdogo mno ukilinganisha na wa Klein, ambaye alitumia zaidi ya dola milioni 2 kutetea kiti kimoja cha Seneti ya jimbo.

Nini kiliamua? Kwa ninavyoona mimi, swali lilibadilika. Vikundi vya wananchi vilipita nyumba kwa nyumba vikieleza jambo moja: huyu seneta wako anakaa na nani ukumbini, na kwa sababu hiyo miswada gani inakwama. Ulinzi wa wapangaji ulikuwa umekwama. Kupiga kura mapema kabla ya siku yenyewe, kumekwama. Sheria ya kulinda haki ya kutoa mimba, imekwama. Mwananchi aliyekuwa anampima Klein kwa sura na mazoea akaanza kumpima kwa kura zake.

Aprili 2018, joto lilipopanda, kundi likavunjwa, wakarudi kundini wakisema yaishe. Hayakuisha. Tarehe 13 Septemba 2018 kura zikapigwa, Biaggi akamshinda Klein. Na si yeye peke yake: kati ya wale wanane, sita waliangushwa siku hiyohiyo. Wawili walipona.

Novemba chama kikachukua Seneti. Mwaka 2019 Andrea Stewart-Cousins akawa mwanamke wa kwanza kuliongoza chumba hicho kama kiongozi wa walio wengi. Mwezi Januari uleule ikapita sheria ya kupiga kura mapema na ile ya haki ya kutoa mimba. Juni ikapita ya wapangaji. Unaweza kuzipenda sheria hizo au usizipende, hilo ni lako. Ninachotaka mkione ni kwamba zilikwama miaka, zikapita ndani ya miezi sita, kwa sababu watu walibadilisha swali wanalomuuliza mgombea.

Sasa kifungu nilichowaahidi. Katiba yetu, Ibara ya 71(1)(e), inasema mbunge akikoma kuwa mwanachama wa chama alichochaguliwa nacho, anapoteza ubunge. New York hawana kitu kama hicho. Mtu akisoma harakaharaka atasema sisi tumelindwa zaidi. Kweli? Ibara hiyo ilikuwepo wimbi la kuunga mkono juhudi lilipopita. Haikumzuia mtu kuondoka, ilituletea uchaguzi mdogo tu. Na ibara hiyohiyo ipo leo, lakini wale kumi na tisa wa viti maalumu walioapishwa Novemba 2020, chama kikawavua uanachama, mpaka ninavyoongea wamo bungeni. Sheria inaweza kumwadhibu mtu akishageuka. Kumjua kabla hajageuka ni kazi yetu sisi.

Najua mtaniambia, "Dada, unatufundisha kupima wagombea, sisi wagombea wetu wanaenguliwa. Mwaka 2019 tulibaki na sahani moja ya mizani." Ni kweli kabisa. Nimesoma barua za kuenguliwa, nyingine sababu zake zinatia aibu. Tutapigania hilo, na mimi nitakuwa mezani kujaza fomu na kuandika rufaa. Lakini kuna mizani moja ambayo hakuna msimamizi anayeweza kutunyang'anya, nayo ni kura za maoni humu ndani ya chama. Hapo tukikosea, hatuna wa kumlaumu.

Na hapa naomba watia nia mliomo ukumbini msinichukie. Tarehe 27 Novemba tunachagua wenyeviti wa mitaa. Nasikia mtaani, "Tumpe fulani, ana hela, kanunua jezi za timu mbili." Simjui kwa ubaya. Inawezekana ndiye bora kuliko wote. Ila jezi haijibu swali. Kabla hujampa kura yako ya maoni, muulize mambo matatu, mbele za watu.

La kwanza: ukishapata kiti utakaa na nani? Siku mtendaji atakapoleta muhtasari ambao kikao hakikuupitisha, utasaini?

La pili: hela ya kampeni inatoka wapi, na mwenye hela atataka nini baadaye?

La tatu: kabla ya leo ulisimama wapi? Soko lilipovunjwa ulikuwepo? Usitusimulie utakayofanya, tuonyeshe uliyokwisha kufanya bila cheo.

Asiyeweza kujibu mbele ya vijana arobaini wa chama chake, hataweza mbele ya mkuu wa wilaya.

Na ukishajibiwa, andika. Kule New York watu walitunza kumbukumbu za kura za seneta wao. Sisi tuna simu, lakini tunarekodi muziki tu. Rekodi majibu. Miaka mitano ijayo utamsikilizisha mwenyewe.

Jambo la mwisho, na hili msilisahau hata mkisahau mengine yote. New York, kura za maoni wanapiga waliojiandikisha na chama tu, na mwaka ule aliyetaka kuhamia chama kingine ili apige kura Septemba alitakiwa awe amefanya hivyo Oktoba ya mwaka uliotangulia. Wengi walishtuka muda umeshapita. Kwetu, orodha ya wapigakura wa serikali za mitaa ni tofauti na lile daftari la kudumu. Kadi yako ya mpigakura haikuingizi humo. Uandikishaji ni tarehe 11 hadi 20 Oktoba, kwenye mtaa unaoishi. Siku kumi tu. Nenda na jirani yako.

Jana usiku nilimsomea Mama mada hii. Alipofika kwenye yale maswali matatu akanyamaza kidogo, kisha akasema, "Sawa, safari hii nitamuuliza. Lakini na msibani aje."

Sikuwa na cha kumjibu. Nadhani yuko sahihi. Aje msibani, na ajibu.