Mtoto Akivunjika Nyonga

Mtoto akianguka kutoka juu ya mwembe au akigongwa na pikipiki, kisha akashindwa kusimama, kinena kikamuuma na mguu ukageukia nje, huenda amevunjika nyonga.

Usimkande wala usiuvute mguu. Mishipa midogo inayopeleka damu kwenye kichwa cha mfupa wa paja inaweza kukatika, na mfupa usiopata damu hufa. Weka nguo katikati ya miguu, funga mguu ulioumia pamoja na ule mzima, kisha mbebeni kwa machela hadi kituo cha afya siku hiyohiyo. Asile kitu, huenda akahitaji upasuaji. Baadaye atumie magongo mpaka daktari amruhusu kukanyaga. Mkiwahi, ana nafasi kubwa zaidi ya kutembea vizuri tena.