Historia ni Amana: Tuliyoyavuna Katika Likizo

(Mada iliyotolewa mbele ya wazee na vijana, Kikwajuni, Unguja)



Tumetakiwa tueleze tulichokipata sisi wanafunzi wa historia tulioitumia likizo ndefu kuitafiti Ng'ambo yetu hii.

Kutoka hapa Kikwajuni hadi Nyaraka za Taifa, pale Kilimani, ni mwendo mfupi wa miguu. Hazina hiyo ilianzishwa mwaka 1956, na ndani yake mna majalada ya utawala wa Kiingereza, hati na maandiko ya Kiarabu. Wageni huvuka bahari kuja kuyasoma. Mmoja wao, Laura Fair wa Marekani, alitoa kitabu juu ya maisha ya mji wetu mwaka 2001. Je, sisi majirani wa mlango ule, ni wangapi tumeuingia?

Suala letu lilikuwa moja: ardhi hii ilikuwa ya nani? Inajulikana kwamba sehemu ya ardhi ya Ng'ambo iliwekwa wakf. Inajulikana pia kwamba mwaka 1928 wakaazi wake waligoma kulipa kodi ya ardhi. Mtu alimiliki kuta na paa, lakini udongo ulio chini yake ulikuwa wa mwingine. Vipi basi ardhi ambayo baadhi yake ilitolewa kwa kutaka radhi za Allah iliingia katika ugomvi wa kodi?

Majalada hujibu kwa ulimi wa serikali: kodi, polisi, mahakama. Sauti ya mwenye kibanda ni nadra humo. Ndipo tukawaendea wazee barazani, na mara nyingine kauli ya mzee na karatasi hazikukubaliana. Hapo mwanafunzi hana budi kufuata njia ya wanavyuoni wa Hadithi: nani kasema, kapokea kwa nani, naye alikuwepo? Suali hilo haliwahusu wazee peke yao. Karani aliyeandika jalada naye ni mpokezi, tena alikuwa na bwana wake.

Tunaye wa kumuiga. Sheikh Abdalla Saleh Farsy (1912-1982) alikusanya na kuandika khabari za wanavyuoni wa Afrika Mashariki. Lau si kalamu yake, mengi yangalizikwa pamoja na waliowajua.

Ndugu zetu, khasara iko majumbani mwetu. Zipo familia zisemazo, "Kiwanja kile babu alikiweka wakf," lakini hati haionekani. Ama imeliwa na mchwa, ama imechomwa pamoja na takataka. Wakf usio na hati wala shahidi, nani atautetea? Katika Suratul Baqara, aya ya 282, tumeamrishwa tuandike deni la muda maalumu. Sadaka iliyokusudiwa idumu vizazi na vizazi haistahiki zaidi kuhifadhiwa?

Kwa hivyo tunausia mambo matatu. Masanduku ya zamani yafunguliwe, na kila karatasi isomwe na ajuaye kabla ya kutupwa. Wazee waulizwe wangali hai, na maneno yao yaandikwe pamoja na jina na tarehe. Na vijana wetu, likizo ijayo, waende Kilimani.

Wabillahi tawfiq.